Mwaka Mmoja Katika Vikao vya Maji: Tathmini ya Mtumiaji

Mamlaka nyingi za maji siku hizi hutoa huduma mbili. Ya kwanza ni ile inayopita kwenye bomba, na hiyo kila mtu ana la kusema juu yake. Ya pili haina mita wala ankara: ni ile ya kumshirikisha mwananchi katika maamuzi kwa njia ya mikutano ya hadhara kabla ya bei kubadilishwa, kamati ya watumiaji maji, dawati la malalamiko na fomu ya maoni. Nimeitumia hiyo ya pili kwa mwaka mzima, kwanza kama mteja wa kawaida aliyekaa viti vya nyuma, baadaye kama mjumbe wa kamati, na naona inastahili kupimwa kama tunavyopima huduma nyingine yoyote, yaani kwa kuuliza inaahidi nini, inatoa nini na inamwangusha mtu wapi. Mamlaka yenyewe sitaitaja, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza si zake peke yake.

Tangazo la mkutano wa kwanza nilioshiriki lilifunguliwa kwa maneno tuliyoyazoea, kwamba mamlaka, “kwa kuzingatia misingi ya ushirikishwaji wa wadau”, inawaalika wananchi kutoa maoni juu ya mapendekezo ya bei mpya. Maneno hayo yana nasaba yake. Mwezi Januari 1992 mkutano wa kimataifa uliofanyika Dublin ulitamka kwamba usimamizi wa maji uwashirikishe watumiaji, wapanga mipango na watunga sera, na kwamba uamuzi ufanyike katika ngazi ya chini kabisa inayofaa. Mkataba wa Aarhus wa mwaka 1998, uliozaliwa Ulaya kwa ajili ya mambo ya mazingira kwa jumla, ukaligawa jambo hilo katika haki tatu: kupata taarifa, kushiriki katika uamuzi, na kuwa na mahali pa kwenda kudai pale unapopuuzwa. Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likatambua maji safi na huduma ya usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu, kwa kura 122 bila hata moja ya kupinga, ingawa nchi 41 zilijizuia kupiga kura. Kwa hiyo anayeingia ukumbini hajaja kuomba hisani, na ndiyo maana sioni aibu kuwa mkali katika tathmini hii.

Nianze na taarifa, maana hapo ndipo huduma hii inapoanza kuchechemea. Tangazo lilibandikwa kwenye dirisha la kulipia ankara siku nne kabla ya mkutano. Kitabu cha mapendekezo kilikuwepo ofisini, lakini kilikuwa cha kusomea palepale, hakitolewi nje wala hakinakiliwi, na nilikisoma nikiwa nimesimama, nikiandika pembeni ya bahasha. Katikati ya majedwali kulikuwa na mstari mmoja ulioitwa “upotevu wa maji”, ambao asiyezoea lugha ya fani angeupita bila kuutazama mara ya pili. Nao ulikuwa ndio moyo wa kitabu chote, kwa sababu upotevu huo ni maji yaliyokwisha kuvutwa, kusafishwa na kusukumwa, kisha yakavujia ardhini, yakaibwa kwa maungio ya kificho au yakapita kwenye mita mbovu bila kuhesabiwa, na gharama yake inarudi katika bei anayolipa yule ambaye mita yake ni nzima. Kulielewa hilo kulinichukua alasiri mbili, na siku nne hazimtoshi mtu mwenye kazi zake. Agizo la Umoja wa Ulaya kuhusu maji, la mwaka 2000, linataka rasimu ya mpango wa bonde la mto iachwe wazi kwa wananchi kuitolea maoni kwa maandishi kwa angalau miezi sita. Sidai miezi sita kwa kila jambo, lakini kati ya siku nne na miezi sita kuna nafasi pana ambayo mtu mwenye nia njema angeweza kuitumia.

Mkutano wenyewe ulianza kwa kuchelewa, na karibu nusu ya muda ikaliwa na salamu za meza kuu. Kisha akasimama mama mmoja wa makamo akiwa na daftari la shule, lile la mistari lenye jalada gumu. “Mheshimiwa Mwenyekiti, na wewe Mhandisi mwanangu,” alisema, “mimi sina maoni. Nina daftari.” Kwa miezi mitatu alikuwa ameandika kila siku saa ambayo maji yalianza kutoka bombani kwake na saa yalipokatika. Ratiba ya mgao iliyobandikwa ilisema mtaa wake unapata maji Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Daftari lilisema maji huja siku hizo hizo, lakini hufika saa nane za usiku wa kuamkia siku inayofuata, na alfajiri yameshaondoka. Alisoma mistari kama kumi hivi, polepole, tarehe na saa, na ukumbi ukanyamaza kwa namna ambayo meza kuu haikuwa imeipata tangu asubuhi.

Mhandisi, ambaye ni lazima nimpe haki yake, alisikiliza kwa makini akauliza swali moja tu: “Mama, nyumba yako iko juu kule mwinukoni?” Aliposikia ndiyo, akaeleza kwamba valvu ya mtaa hufunguliwa saa kumi na mbili kamili kama ratiba inavyosema, lakini nyumba za bondeni zikianza kujaza mapipa na matangi, presha hushuka kiasi kwamba maji hayapandi mwinukoni. Wafungua valvu huiacha wazi kupita muda wa ratiba, na ni usiku wa manane, watu wa chini wakiwa wamejaza vyombo na kufunga mabomba, ndipo presha hupanda na wa juu wakapata chochote. Kipimo cha presha walichokuwa wakikitegemea kilikuwa pale kwenye tangi, ambako kila kitu kilionekana sawa. Kwa maneno mengine, daftari lile lilikuwa na taarifa ambayo mamlaka yenyewe haikuwa nayo.

Hilo halikunishangaza sana. Elinor Ostrom, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alishiriki na wenzake kuilinganisha mifereji ya umwagiliaji nchini Nepal, na waliona kwamba mifereji iliyosimamiwa na wakulima wenyewe ilifikisha maji mkiani vizuri zaidi kuliko mingi iliyoendeshwa na serikali, hata pale ambapo ile ya serikali ilikuwa na malango ya kisasa zaidi. Anayeishi mkiani mwa mfereji, au mwisho wa bomba, huona kasoro ambayo mwenye kukaa kwenye chanzo hawezi kuiona.

Kilichonishangaza ni muhtasari wa kikao. Ulitoka baada ya wiki sita, kurasa tatu, ukiwa na majina yote ya meza kuu na vyeo vyao. Nilitafuta daftari la yule mama. Nilikuta sentensi moja: “Wananchi walitoa maoni mbalimbali kuhusu mgao wa maji.” Mtu amesimama na rekodi ya miezi mitatu, mtaalamu amekiri mbele ya watu wote kwamba rekodi hiyo inaeleza tatizo halisi, na karatasi rasmi ikayafuta yote mawili kwa neno “mbalimbali”. Karatasi ya mahudhurio, kwa upande wake, ilikuwa imeambatishwa kikamilifu, sahihi zetu zote zikiwa zimesimama kama ushahidi kwamba tumeshirikishwa. Tangu siku hiyo nimeacha kuhesabu mikutano. Ninachohesabu ni majibu, na hapo ndipo ninapoipima huduma hii.

Wapo wanaosema kwamba kupotea kwa sauti ya mwananchi ni kero ya heshima tu, haigusi maji yenyewe. Mji wa Flint katika jimbo la Michigan nchini Marekani unatosha kujibu. Mwezi Aprili 2014 mji huo uliachana na maji ya Detroit ukaanza kutumia ya Mto Flint ili kubana matumizi, na maji hayo hayakutiwa dawa ya kuzuia mabomba kulika, hivyo madini ya risasi yakatoka kwenye mabomba ya zamani na kuingia majumbani. Wakazi hawakukaa kimya. Walikwenda kwenye mikutano wakiwa na chupa za maji yenye rangi ya kahawia, na kwa muda mrefu wakaambiwa maji ni salama. Mwezi Machi 2015 hata baraza la mji lilipiga kura 7 kwa 1 kutaka kurudi kwenye maji ya Detroit, lakini mamlaka ya mwisho ilikuwa mikononi mwa msimamizi wa dharura aliyeteuliwa na jimbo, naye akakataa. Maji yalirudishwa Oktoba mwaka huo. Vikao vilikuwepo, maoni yalitolewa, hata kura ilipigwa, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomlazimu mwenye uamuzi kujibu.

Hata hivyo, mwaka huo nilishuhudia jibu moja la kweli, na nalieleza kwa kirefu kwa sababu lilinibadilisha mawazo juu ya kile ambacho watu wanakitaka. Katika kikao cha tatu cha kamati, mzee mmoja alilalamika kwamba maji yananuka dawa na akataka klorini ipunguzwe, na wajumbe wengi wakamuunga mkono. Tungepiga kura, hoja ingepita. Mkemia wa mamlaka, binti kijana aliyekuja na sanduku dogo, hakubishana naye. Alisema, “Mzee, naomba tuyapime hapa hapa.” Alichota maji ya bomba la uani kwenye kichupa cha kioo, akatia kidonge, akatikisa, na maji yakageuka waridi hafifu. Akakiweka kichupa kando ya kadi ya rangi, akampa mzee asome mwenyewe namba iliyolingana. Kisha akaeleza kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri klorini inayobaki kwenye maji isiwe chini ya miligramu 0.2 kwa lita pale yanapomfikia mtumiaji, na kwamba mahali ambapo maji ni ya mgao, mabomba yakibaki matupu hunyonya uchafu wa ardhini kupitia kwenye nyufa, kwa hiyo kinachobakia cha klorini ndicho ulinzi wa mwisho. Hoja ikakataliwa. Mzee akakaa, akasema ameridhika, na aliponikuta mlangoni alinieleza upya habari ya kile kidonge kana kwamba mimi sikuwepo.

Alinyimwa alichokiomba, naye akaondoka ameridhika. Mamlaka nyingi huogopa kujibu kwa kudhani kwamba jibu la hapana litazua vurugu, kumbe lenye kuudhi ni kutojibiwa kabisa. Wala sidhani kwamba kila jambo la maji lipigiwe kura. Kipimo cha dawa ni cha mkemia. Lakini ratiba ya mgao, mtaa upi uanze kubadilishiwa mabomba, kituo cha kuchotea maji kiwekwe wapi na kifunguliwe saa ngapi, hayo ni mambo ambayo mtaalamu hana ujuzi wa kumzidi anayeishi nayo.

Kuhusu kamati yenyewe, ina wajumbe tisa, inakutana kila baada ya miezi mitatu, na kazi yake kwa mujibu wa barua ya uteuzi ni “kushauri”. Sifa ya kwanza ya mjumbe ni kuwa mteja mwenye akaunti. Sharti hilo linaonekana la kawaida mpaka ufikirie nani linamwacha nje: wapangaji ambao akaunti ni ya mwenye nyumba, wanaonunua kwa jirani, na wanaochota kwenye vituo vya umma kwa ndoo, ambao mara nyingi kwa kila lita hulipa zaidi kuliko mwenye bomba ndani. Mwenye shida kubwa zaidi ya maji ndiye ambaye kwenye vitabu si mteja. Wanawake tulikuwa nao wawili kati ya tisa, ilhali mkutano ule wa Dublin ulitenga kanuni nzima kusema kwamba wanawake wana nafasi ya msingi katika kupata, kusimamia na kuhifadhi maji. Vikao hufanyika saa nne asubuhi siku za kazi. Sijui ni nani aliyeichagua saa hiyo, ila ni wazi hakuwa mchota maji wala kibarua.

Dawati la malalamiko nalipa alama nzuri bila kusita. Unapiga simu, unapewa namba ya kumbukumbu, unapata ujumbe fundi anapotumwa na mwingine kazi inapofungwa. Bomba lililopasuka karibu na kwetu lilizibwa siku ya pili. Lakini tusichanganye mambo: dawati hili linarekebisha kilichoharibika, halimpi mtu nafasi katika uamuzi, na nimewasikia maofisa zaidi ya mara moja wakitaja idadi ya simu zilizopokelewa kama ushahidi wa ushirikishwaji. Anayepiga simu kusema bomba limepasuka hajaulizwa kwa nini bomba hilo, lenye viraka kila mahali, halimo kwenye mpango wa kubadilishwa.

Je, kuna mahali huduma hii hutolewa vizuri zaidi? Mfano ninaoupenda ni wa kale. Mjini Valencia, Hispania, kila Alhamisi saa sita mchana, wasimamizi wanane waliochaguliwa na wakulima wa mifereji minane huketi mbele ya Mlango wa Mitume wa kanisa kuu na kusikiliza mashauri ya maji. Mashauri husemwa kwa mdomo, bila mawakili wa kukodi, mbele ya yeyote anayetaka kusimama na kusikiliza, na hukumu hutolewa papo hapo. UNESCO iliitambua baraza hiyo kuwa urithi wa utamaduni mwaka 2009, ingawa mimi sivutiwi na ukale wake. Ninachokitamani ni kule kuondoka na jibu. Uholanzi wana njia nyingine: bodi zao za maji, ambazo sasa ni 21, huchaguliwa kwa kura kila baada ya miaka minne na hutoza kodi zao zenyewe, kwa hiyo anayeamua ni lazima arudi kwa walipaji. Paris, baada ya huduma ya maji kurudi mikononi mwa mji tarehe 1 Januari 2010, ilivipa vyama vya watumiaji viti kwenye bodi ya shirika la maji. Na Porto Alegre, Brazil, ilipoanzisha bajeti shirikishi mwaka 1989, mikutano ya mitaa ilipanga vipaumbele vya maji na mifereji ya maji taka pamoja na mengineyo, na manispaa ikawa inachapisha kijitabu chenye orodha ya kazi zilizokubaliwa, mtaa kwa mtaa, ili mwaka unaofuata mtu aje nacho mkononi na kuuliza. Kijitabu cha aina hiyo kingekuwa kinyume kabisa cha neno “mbalimbali”.

Sasa alama. Nyota tano hazinisaidii hapa, kwa hiyo naazima ngazi ya ushiriki ya Sherry Arnstein wa Marekani, aliyeichora mwaka 1969 ikiwa na vidato nane, kuanzia kile cha chini ambapo mwananchi anatumiwa tu kama pambo, hadi cha juu ambapo uamuzi uko mikononi mwake. Kidato cha nne ni kuombwa maoni. Hapo ndipo ninapoiweka huduma hii kwa ujumla, na siku ya kichupa cha waridi ninaipandisha hadi cha sita, cha ubia. Muhtasari wa wiki sita unaishusha tena.

Kwa anayefikiria kuitumia, ushauri wangu ni aitumie, lakini asiende mikono mitupu. Maoni ya mdomo huyeyuka kwenye muhtasari. Yaandikwe ukurasa mmoja, yatolewe nakala mbili, na nakala ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa palepale dirishani. Yule mama wa daftari alifanya hivyo safari ya pili, na ndipo kamati ilipopata nguvu ya kudai jedwali la majibu, lenye safu ya hoja iliyotolewa na safu ya uamuzi uliofikiwa. Jedwali la kwanza lilipotoka, safu ya uamuzi ilijaa neno moja kutoka juu hadi chini, “Limepokelewa”. Tulilikataa. La pili lilikuja na hatua kidogo: baadhi ya hoja zimekataliwa kwa sababu zilizoandikwa, jambo ambalo ni maendeleo makubwa, na mbele ya hoja ya mgao wa mwinukoni pameandikwa kwamba kipimo cha presha kitafungwa kwenye bomba la mwisho la mtaa huo na valvu ya bondeni itapunguzwa kwa majaribio.

Haikuandikwa lini. Tumeomba safu ya tatu, ya tarehe, na imeongezwa. Hadi ninapoandika haya bado iko tupu, na kuijaza ndiyo ajenda ya kwanza ya kikao kijacho.